Maji ya Samaki na Pua ya Mama

Nina shahada ya sayansi, zoolojia na kemia kwa pamoja, na kwa miaka mitatu hivi niliishi kwa kutegemea pua ya mama yangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa mtaalamu wa kitu chochote.

Ilikuwa miaka ya tisini. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri, viwanda vya Moshi vilikuwa vinauzwa au vinafungwa, na watu waliozoea kwenda kazini na sare walikuwa wamepanga viatu vya mitumba kwenye turubai kando ya barabara. Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, nikapanga chumba Majengo, nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, nikangoja nchi initambue. Nchi ilikuwa na shughuli nyingine.

Baa ndizo zilizoniokoa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila aliyepata kitu alijenga baa au gesti, na kila baa ilitaka iwe na jambo ambalo baa ya jirani haina. Ilianza televisheni. Kila mtu alipokuwa na televisheni, wakaja na matangi ya samaki wa rangi, vioo vikubwa vilivyoletwa kutoka Nairobi na mashine zake za hewa. Samaki walikufa baada ya wiki mbili. Mama mmoja mwenye baa kule Soweto, mtaa wa hapohapo Moshi, alisikia kwamba nimesomea viumbe, akanitumia mtu. Nilimkuta amesimama mbele ya tangi lake, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye uliyesoma samaki?"

"Nimesoma zoolojia, mama."

"Samaki wamo humo?"

"Wamo."

"Basi njoo uone wanavyokufa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Baada ya miezi michache nilikuwa na matangi sita: baa mbili, gesti mbili, saluni moja, na chumba cha kungojea cha daktari wa meno. Wateja waliniita Daktari. Tatizo nililijua mimi peke yangu. Vitabu vyangu vyote vilisema jambo moja: kabla ya kufanya lolote, pima maji. Pima amonia, pima asidi, pima hiki na kile. Kupima kulihitaji visanduku vya vichupa na karatasi ambavyo Moshi hapakuwa na mtu aliyewahi kuviona. Kwenye duka la dawa za mifugo nilipovieleza, muuzaji alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza kama nataka dawa ya kupe.

Nilimsimulia mama habari hii wakati wa Krismasi, kwa kuwa Krismasi ndiyo sikukuu ambayo sisi watu wa mlimani hukumbuka kwamba tuna mama. Tunapanda wote kwa mpigo, tunachinja, tunakula, tunaulizana nani amejenga, na kabla mwezi haujaandama tumeshateremka. Mama aliishi peke yake Machame tangu baba afariki, katika kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, na ng'ombe wawili na mibuni aliyoacha kuipulizia dawa tangu bei ya kahawa ilipomvunja moyo. Alikuwa Mlutheri wa kiti cha mbele, na alikuwa pia mpishi wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, anayetafutwa kwa kila harusi ya upande ule. Mambo haya mawili hayakumsumbua hata kidogo, wala hayakuwasumbua washarika wenzake, ambao walihubiriwa dhidi ya pombe Jumapili na kuja kuagiza mapipa Jumatatu. Walisema mama hahitaji kuonja. Akipita tu karibu na chungu anajua ndizi zimefika au bado, na ulezi umechipua vizuri au umeoza.

"Maji yana nini mpaka yapimwe kwa karatasi?" aliniuliza. "Wewe huna pua?"

"Si rahisi hivyo, mama. Amonia..."

"Niletee."

Nilimletea kwa utani. Jumamosi moja nilijaza maji ya matangi matatu kwenye chupa za soda, nikaziziba kwa magunzi ya mahindi, nikapanda nazo. Abiria aliyeketi karibu yangu aliniuliza gongo hiyo inakwenda kwa nani. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Hakungoja hata shikamoo yangu. Alichukua chupa ya kwanza, akaitoa gunzi, akaipitisha chini ya pua mara moja tu.

"Huyu analisha samaki kama anawanenepesha wachinjwe. Chakula kimeoza chini."

Chupa ya pili: "Zizi lililofungwa siku mbili. Hawa watakufa wiki hii usipowabadilishia maji."

Ya tatu aliinusa mara mbili. Kisha akachovya kidole, akakigusisha ulimini, akatema mate kwenye majani.

"Ndoo," akasema. "Maji hayana kosa. Ndoo iliyoyabeba ilikorogewa mrututu."

Mrututu ni ile dawa ya buluu tunayopulizia mibuni. Chupa ya tatu ilikuwa ya daktari wa meno. Jumatatu nilikwenda kuuliza, na mfanyakazi wake akanionyesha ndoo aliyokuja nayo kutoka kwao Kibosho, ndoo nzuri kabisa, na kwenye mshono wa chini mstari mwembamba wa buluu. Nilisimama pale na shahada yangu nikaangalia ule mstari kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nilipanda kila Jumamosi. Najua vizuri kwamba maji yaliyotikiswa garini saa nzima si maji yaleyale yaliyo ndani ya tangi, na kwamba mwalimu wangu wa maabara angenifukuza. Lakini mama alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na kodi ya chumba. Nilianza kuandika kwenye daftari: tangi la nani, mama kasema nini, na samaki walikuwaje wiki iliyofuata.

Alinifundisha pia, ingawa nilikuwa mwanafunzi wa kubisha. Maji mazima yananuka kama kingo za mfongo asubuhi, kabla ng'ombe hawajapita. Mfongo ndio ule mfereji unaoteremsha maji ya mlima hadi kwenye vihamba. Mimina maji kwenye bakuli jeupe la bati, uyaweke karibu na maji mapya. Kama yamekuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, umechelewa. Sugua maji kati ya vidole, yakiteleza kama maji ya kuoshea bamia, kuna kitu kinaoza. Povu la mbege lina haki ya kukaa juu. Povu la samaki likikaa bila kupasuka, punguza chakula. Tazama konokono wakipanda kioo mpaka nje ya maji. Tazama samaki alfajiri, kabla hawajajua unawatazama, kama wananing'inia juu wakivuta hewa kama walevi. Na usibadilishe maji yote kwa pamoja. Toa theluthi, acha yale ya zamani yapokee mapya. Hilo la mwisho lilikuwamo hata kwenye vitabu vyangu. Nilimwambia, nikitegemea atafurahi. "Kumbe wanajua," alisema, kama mtu aliyesikia jirani mzembe hatimaye amefagia uwanja.

Baada ya chupa alinipa mtori, supu yetu ya ndizi, tukaketi. Hatukuwa na mazungumzo makubwa. Aliniambia ng'ombe gani anasumbua, nani amekata mibuni yake apande nyanya, mjane gani anachumbiwa. Nilifikiri napanda kwa sababu ya maji. Sikujiuliza yeye alifikiri napanda kwa sababu gani.

Sasa nikilisoma lile daftari naona kila kitu, kama mtu anayesoma barua baada ya kujua mwisho wake. Wakati ule sikuona.

Kwanza, mama alianza kunisalimia kabla ya kunusa. Nilidhani ni upole wa uzee. Kisha akaanza kuuliza. "Hawa wa saluni wamekulaje?" Nikamjibu, ndipo akainusa chupa na kusema kitu kilichofanana na jibu langu. Alianza kuinyanyua chupa kwenye mwanga, jambo ambalo mwanzo alilidharau kwamba ni kazi ya watu wasio na pua. Jumamosi moja maziwa yaliungua jikoni hatua mbili kutoka alipoketi, na mimi ndiye niliyeruka. "Nilikuwa nakusikiliza wewe," alisema. Mwezi uliofuata mbege ya harusi moja ilichacha, na wanawake wakasema mkono wa mama umechoka. Nilimtania. Nilimwambia sasa usharika utafurahi, Mungu amejibu maombi ya mchungaji. Alicheka kidogo, akainuka kwenda kuwatazama ng'ombe.

Kisha likaja tangi la gesti. Lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kutunza, na mwenye gesti alitaka liwe tayari kabla ya Krismasi, watu wa Dar watakapopanda. Niliona povu likikaa juu. Niliona konokono wawili juu ya mstari wa maji. Nilipeleka chupa, mama akaniuliza wanakulaje, nikasema wanakula vizuri, akanusa, akasema maji ni mazima. Nikaamini pua yake kuliko macho yangu. Jumatano samaki kumi na wawili walielea wote. Mwenye gesti alinisindikiza hadi getini bila kusema neno, na mlinzi akasema kwa niaba yake: "Daktari, wagonjwa wako wamekwenda kuzikwa wapi?"

Jumamosi nilipanda na hasira zangu zote. Sitaandika yote niliyosema. Nilisema, "Mama, umeniharibia kazi." Nilisema kama hajui aseme hajui. Aliendelea kumenya ndizi. Mwishowe akasema, "Labda pua imezeeka," na mimi, mwenye shahada ya viumbe, nikajibu, "Basi iambie iwe makini." Kisha nikala mtori wake.

Wiki iliyofuata alikuwa ameniagiza mafuta ya taa. Nyumba yetu haikuwa na umeme bado, na mafuta tuliyabeba kwenye chupa za soda kama kila mtu. Kwa kawaida chupa ya mafuta niliiziba kwa karatasi ya nailoni, ili isichanganyike na zile za maji. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikaziba zote kwa magunzi. Mafuta ya siku zile yalikuwa meupe kama maji. Niliziweka chupa zote chini kando ya kigoda, nikageuka kuning'iniza koti.

Nilipogeuka mama alikuwa na chupa puani.

"Haya hayana neno," alisema. "Ya nani haya?"

Harufu ya mafuta ilinifikia mimi niliyekuwa mlangoni. Nilicheka. Nilidhani ananilipa kwa maneno ya wiki iliyopita.

"Mama, hayo ni ya taa."

Naye akacheka, lakini alichelewa. Kicheko chake kilikuja nyuma ya changu, kikifuata njia. Nikaona kwamba haitazami chupa. Anatazama uso wangu, kama nilivyokuwa nikiwatazama samaki alfajiri.

Nilichuchumaa, nikaishika chupa, nikaisogeza tena kwenye pua yake.

"Unasikia harufu gani?"

"Wewe unasikia gani?"

"Mama."

Akaishusha chupa, akaizibia gunzi lake polepole, akalikaza.

"Sisikii kitu," alisema. "Tangu masika."

Tangu masika ilikuwa imeshapita miezi minane.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeleta chupa?"

"Mama, chupa zina kazi gani..."

"Chupa zisipokuja, wewe utakuja?"

Nilisema ndiyo, haraka, na sote wawili tukalisikia jibu hilo lilivyokuwa jepesi. Krismasi ilikuwa imebaki wiki mbili.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kuna uvimbe nyuma ya paji la uso, wa aina inayokua taratibu, na umelala juu ya mishipa ya harufu. Sasa umeanza kusogelea ya macho. Aliuliza alianza kupoteza harufu lini, kama tunakumbuka. Nikasema naweza kumwambia wiki yenyewe. Nikatoa daftari.

Alisoma kurasa mbili, akanitazama. "'Saluni, mama kasema mazima, watatu wamekufa.' Hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilitamani acheke, watu wengi hucheka wakisikia. Alifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. Niliuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje. Alisema, "Labda." Nimeishi na neno hilo tangu wakati huo, na bado hatujazoeana.

Mama hakutaka habari ya kupasuliwa kichwa huko Dar, na madaktari wenyewe hawakusisitiza. Alirudi kihambani. Dada yangu aliacha biashara yake ya vitenge akaja kukaa naye. Alifariki kabla ya masika mengine, tukamzika kando ya migomba, karibu na baba. Lakini kabla ya hapo zilikuwapo Jumamosi kumi na mbili, na sikukosa hata moja. Siandiki hivi ili nisifiwe. Kuhesabu Jumamosi kumi na mbili baada ya kupoteza zile nyingine ni kazi ndogo.

Niliendelea kupeleka chupa, kwa kuwa mama ndiye aliyetaka. Sasa macho yake yaliona vivuli tu.

"Nusa wewe," alisema, "uniambie."

"Amonia."

"Amonia simjui. Sema kitu ninachokijua."

"Zizi."

"La ng'ombe anayekamuliwa, au aliyekauka?"

Sikuwa najua kwamba kuna tofauti. Alinituma zizini, nikasimama katikati ya ng'ombe wetu wawili nikinusa hewa kama mbwa, dada yangu akishika ubavu kwa kucheka. Nikarudi.

"Aliyekauka."

"Basi ni maji ya zamani, si ya jana. Nani hajabadilisha maji? Wa saluni?"

Alikuwa wa saluni. Kuanzia hapo mimi nilikuwa pua na yeye akawa kichwa. Nilijifunza maneno yake: majani ya mgomba yaliyolala, kitambaa cha vyombo, ulezi wa siku ya tatu. Makosa yangu aliyajua kwa sauti tu. "Hujanusa, umekumbuka," alinigombeza mara moja, na ilikuwa kweli. Siku hizi vile visanduku vya vipimo vinapatikana mjini. Nilivinunua, nikavijaribu, vinafanya kazi vizuri. Vile vikaratasi vyake navitumia kuwekea alama kwenye vitabu.

Katika Jumamosi za mwisho, siku moja dada alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Tulimaliza chupa. Mama aliniambia nirudishie mlango.

"Kuna maji mengine nataka unipimie."

"Yapi?"

"Mimi."

Sikuelewa. Akaeleza, taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Hasikii harufu ya chochote, kwa hiyo hasikii hata yake mwenyewe. Halafu hawezi kutoka kitandani. Akina mama wa usharika wanapokuja kumwombea wanaketi karibu na mlango, na yeye halali akijiuliza wanaketi pale kwa ajili ya upepo au kwa ajili yake.

"Namuuliza dada yako, ananiambia nanukia vizuri. Dada yako ana huruma sana. Wewe usinidanganye kama mimi nilivyokudanganya."

Niliinama. Mwanamume wa kwetu hafundishwi neno la kumwambia mama yake jambo hilo. Kulikuwa na dawa, na shuka, na jasho la siku kadhaa, na kitu kingine ambacho sote wawili tulikijua. Na chini yake kabisa, mbali, moshi wa jiko. Nilibaki nimeinama pale nikitafuta neno la kitabuni na sikupata. Nikachukua ya kwake.

"Maji ya siku ya nne," nikasema. "Samaki bado wanakula. Ila wameanza kupanda juu."

Niliogopa.

"Konokono wametoka nje?"

"Bado, mama. Wako kwenye mstari."

"Yote yabadilishwe?"

"Theluthi."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mabega mpaka kikohozi kikapita. "Haya," alisema. "Mwite dada yako."

Nilichota maji, nikayapasha moto jikoni, nikamkabidhi dada ndoo mlangoni bila kutazamana naye. Kisha nikaenda kusimama kwa ng'ombe. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni, na mama akitoa maagizo, na dada akijibu, "Mama, tulia basi." Waliponiita, alikuwa amekalishwa na kufunikwa kitenge kipya, nywele zimelowa.

"Sasa?"

Niliinama tena. Sabuni ya mche. Moshi wa jiko, sasa karibu. Nywele zenye maji.

"Mazima, mama."

Hakuweza kuuona uso wangu, nao ndio uliokuwa ukimwonyesha ukweli miezi yote ile. Akanyoosha mkono, akalipata shavu langu, akapitisha vidole chini ya macho yangu. Kisha akavisugua, kidole kwa kidole, kama alivyosugua maji ya matangi, akisikiliza kama yanateleza.

"Wakija leo," akamwambia dada, "waambie wavute viti karibu."